Hot Fuzz: jinsi kichekesho kinavyojengwa kwa kanuni za picha za mapigano

Vijana wanaojifunza uhariri wa filamu huniuliza watazame nini ili waelewe kichekesho kinavyojengwa, nami huwajibu bila kusita: tafuteni Hot Fuzz ya mwaka 2007. Ni filamu ya Uingereza iliyoongozwa na Edgar Wright, ikaandikwa na yeye pamoja na Simon Pegg, na kuhaririwa na Chris Dickens, yule yule aliyekuja kushinda Oscar ya uhariri kwa Slumdog Millionaire. Wengi huiita filamu ya kuzidhihaki sinema za polisi na bastola. Mimi naona imefanya kazi ngumu kuliko dhihaka. Imezichukua kanuni za sinema hizo, ikazifuata moja baada ya nyingine kwa heshima, kisha ikazitumia mahali ambapo hakuna aliyezitarajia. Kama hujaitazama na unataka kuifurahia, iangalie kwanza ndipo urudi hapa, kwa sababu nitaeleza mpaka mwisho.

Tuanze na tatizo lililokuwa mbele ya waandishi. Askari wa kawaida wa Uingereza habebi bunduki. Anazunguka mtaani na kirungu, pingu, redio na kijitabu cha kuandikia. Mwandishi wa Marekani akimweka askari barabarani, bastola iko kiunoni tayari; wa Uingereza lazima aeleze kwanza silaha imetoka wapi. Ndiyo maana hadithi nyingi za polisi wa Kiingereza ni za upelelezi: watu wamekaa sebuleni, chai mezani, na muuaji anatajwa kwa hoja. Risasi ni chache, magari hayalipuki. Wright na Pegg hawakulikwepa tatizo hilo, wamelifanya msingi wa hadithi yote.

Nicholas Angel, anayechezwa na Pegg mwenyewe, ni askari wa London ambaye rekodi yake ya kukamata wahalifu inampita ofisa mwingine yeyote kwa asilimia 400. Wakubwa wake wanaona anawaaibisha wenzake. Wanampandisha cheo kuwa sajenti na papo hapo wanamhamishia Sandford, kijiji cha Gloucestershire kinachojivunia tuzo ya kijiji bora cha mwaka. (Polisi wa Uingereza wenyewe hulitumia jina la Sandford kwa mji wa kufikirika katika mazoezi yao ya mafunzo, kwa hiyo askari wa huko walikuwa na sababu ya ziada ya kucheka.)

Onyesho la uhamisho linastahili kutazamwa polepole. Angel anapewa habari na sajenti, ambaye ni Martin Freeman. Anakataa, anaomba kuonana na inspekta. Anaingia Steve Coogan na kumwambia yale yale. Anaomba kuonana na mkuu zaidi. Anaingia Bill Nighy, naye yale yale. Angel anabakiwa na hoja moja: wenzake watakaposikia watasikitika. Anageuka, na kikosi kizima kiko pale nyuma kimeshika bango la kumtakia heri. Hakuna neno la kuchekesha lililotamkwa. Kicheko kimetoka kwenye mpangilio wa nani anaingia lini, na kamera imeficha nini mpaka sekunde ya mwisho. Mhariri akiwahi kulionyesha bango kwa nusu sekunde tu, onyesho lote limekufa.

Inafuata safari ya kwenda Sandford, na hapo ndipo lugha ya filamu hii inapojitangaza. Angel amekaa na chungu chake cha maua, mkato (picha moja inakatwa na nyingine inaingia ghafla), treni, mkato, simu inapoteza mtandao alama moja baada ya nyingine, mkato, giza, mvua, teksi. Shoti ni fupi mno na kila moja ina sauti yake nzito. Wakurugenzi wa Hollywood kama Tony Scott walitumia mikato ya namna hiyo kuonyesha mtu anayejiandaa kwenda kuua. Huku tunaona mtu mpweke aliyebeba ua.

Usiku wake wa kwanza kijijini anaingia baa, anakuta watoto wasiofikia umri wanakunywa pombe, anawatoa wote, kisha anamkamata mlevi anayetaka kuendesha gari. Kituoni anaanza kuandika taarifa zao. Kalamu, fomu, picha ya mtuhumiwa, mlango wa mahabusu: kila kitu kimepigwa picha kwa ukaribu, kimekatwa kwa kasi, kikapewa sauti kama ya risasi inayoingizwa kwenye bastola. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tumezisikia sauti hizi mamia ya mara. Tunajua zikija, steringi amekasirika na adui ana dakika chache za kuishi. Macho na masikio yamejiandaa kwa vita, na kilichofika ni karatasi. Mwili wa mtazamaji unaitikia kabla akili haijakumbuka kwamba hakuna hatari yoyote, na kicheko kinatokea katikati ya hayo mawili. Mbinu hii haiwezi kufanikiwa ikifanywa kwa uvivu. Ukikata ovyo, ukaweka sauti hafifu, mwili hauitikii na hakuna kitu cha kuchekea. Lazima uikate fomu kwa ustadi ule ule ambao ungeukatia bunduki.

Asubuhi Angel anagundua kwamba yule mlevi ni askari mwenzake, Danny Butterman, mtoto wa inspekta anayeongoza kituo. Danny anachezwa na Nick Frost. Ni kijana mnene, mwema, aliyejifunza upolisi kwenye DVD. Ndani ya gari la doria anamhoji Angel kama mtoto: umewahi kufyatua bunduki mbili ukiwa unaruka hewani? Umewahi kufyatua bunduki ukiwa unafukuzana na gari kwa kasi? Angel anajibu hapana, kwa uchovu. Mtazamaji wa kawaida anacheka na kusahau. Mhariri anajua hayo ni madeni, na kwenye filamu hii madeni hulipwa.

Jambo hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine yote, na nitakaa hapo kidogo. Nusu ya kwanza ya Hot Fuzz ni shamba. Karibu kila kinachochimbiwa humo kinaota baadaye, na kinaota kikiwa na sura tofauti na mbegu yake. Angel anafika hotelini, na mwenye hoteli, Joyce Cooper, anamwambia “Fashisti!” Angel anashtuka, kumbe mama anajaza fumbo la maneno gazetini na amekwama. Angel anamsahihisha, jibu ni ufashisti. Kisha anamwambia naye: “Kikongwe!” Mama anashtuka kwa zamu yake, kumbe ni jibu la fumbo jingine: mwanamke mzee, mwovu, wa kutisha. Mzaha mdogo wa mapokezi, umekwisha. Zaidi ya saa moja baadaye risasi zinarindima kijijini, Joyce anamfyatulia Angel huku akipiga kelele “Fashisti!” Angel anajibu “Kikongwe!” na kumjibu kwa risasi. Maneno ni yale yale. Safari hii kila mmoja anamaanisha alichosema.

Tazama pia mchezo wa Danny wa kujifanya amejichoma uma jichoni, kumbe ni pakiti ya kechapu. Ni utani wa kitoto. Lakini usiku ambao wanakijiji wamemzingira Angel ili wamuue, Danny anamchoma kisu mbele ya baba yake, damu inatoka, Angel anaanguka. Damu ni kechapu, na utani wa mezani ndio uliomwokoa. Bata-maji aliyetoroka, ambaye mwanzoni ndiye kesi kubwa ya kituo, anarudi mwishoni ndani ya gari analotorokea inspekta, baba yake Danny, na kumfanya aligonge mti. Bunduki haramu za mkulima mmoja zinakamatwa na kufungiwa kwenye chumba cha vielelezo pamoja na bomu kuukuu la baharini, na hizo ndizo silaha zinazompa Angel uwezo wa kupigana. Kumbuka tatizo la mwanzo, askari asiye na bastola: limetatuliwa bila kudanganya, kwa sababu tuliziona bunduki zikiingia chumbani.

Na Simon Skinner, mwenye supamaketi. Anachezwa na Timothy Dalton, aliyekuwa James Bond katika filamu mbili, za 1987 na 1989. Anapokutana na Angel anajitambulisha kama mchinjaji anayestahili kufungwa, kisha anatabasamu: anachinja bei. Angel na mtazamaji wote wanadhani mtu anayejitaja wazi namna hiyo hawezi kuwa mhalifu. Ni mhalifu kweli. Kipande cha mnara wa kanisa kilidondoshwa kichwani kwa mwandishi wa habari ili afe; mwisho wa yote Skinner anaanguka kwenye mfano mdogo wa kijiji hicho hicho, na kijimnara cha kanisa la kuchezea kinampenya kidevuni. Hafi. Anasema tu kwamba inauma sana. Angalia waandishi walivyochukua kifo kikubwa na kukipunguza kipimo mpaka kikawa adhabu na mzaha kwa pamoja.

Uchunguzi wenyewe una mtego mzuri. Watu wanakufa kwa ajali zisizoeleweka, na Angel anajenga nadharia safi kabisa: viwanja, barabara mpya, faida, wivu. Kila kipande kinaingia mahali pake kama tulivyozoeshwa na filamu za upelelezi. Kisha wauaji wanamweleza sababu zao. Mwigizaji mmoja aliuawa kwa kuigiza vibaya, mwenzake kwa kicheko chake cha kuudhi. Tajiri mmoja, kwa kujenga nyumba inayoharibu sura ya kijiji. Mwandishi wa habari, kwa makosa ya tahajia gazetini. Wazee wa kijiji wanaua ili tuzo ya kijiji bora isipotee. Kwangu hilo ndilo shambulio kali la filamu hii, na halilengi Hollywood. Linalenga Uingereza ya kadi za posta, yenye nyasi zilizokatwa sawasawa na majirani wanaochunguliana kupitia mapazia.

Ndiyo sababu uchaguzi wa waigizaji una uzito. Tom Weaver, mzee anayesimamia kamera za usalama, ni Edward Woodward, ambaye mwaka 1973 katika The Wicker Man alicheza askari mgeni aliyeingia kwenye kisiwa chenye wakazi wakarimu na siri mbaya. Safari hii yuko upande wa wenye siri. Joyce ni Billie Whitelaw, mwigizaji aliyeheshimika kwa tamthilia za Samuel Beckett. Inspekta, baba yake Danny, ni Jim Broadbent. Kuwaona hawa, walezi wa sanaa ya uigizaji wa nchi yao, wakichomoa bunduki sokoni kunachekesha hata kabla hawajafyatua.

Kuna sehemu zinazonikwaza. Damu ya mauaji ya katikati imezidi kiasi, hasa pale kipande cha mnara kinapomwangukia mwandishi wa habari. Kamera ilitosha kugeuka. Na filamu inamalizika mara kadhaa kabla ya kumalizika. Lile bomu la baharini linahitajika ili deni lake lilipwe, lakini linakuja tukiwa tumekwisha shusha pumzi, na hofu ya kumpoteza Danny inadumu muda mfupi mno kuwa hofu ya kweli.

Picha zilipigwa sana Wells, Somerset, mji aliokulia Wright. Wells ina kanisa kuu la kale, kubwa kiasi kwamba lingekifanya kijiji kionekane mji, kwa hiyo likafutwa kwa kompyuta na kanisa la Mtakatifu Cuthbert likawa ndilo kanisa la Sandford. Mkurugenzi amekifahamu kila kichochoro, na inaonekana katika mbio za miguu bustanini, ambapo Angel anaruka uzio mmoja baada ya mwingine kama mnyama wa porini, na Danny anajaribu uzio wa kwanza akapita nao.

Kinachoishikilia kazi yote hii ni Danny na Angel. Usiku mmoja Danny anamketisha mwenzake kwenye sofa na kumwekea Point Break ya 1991 na Bad Boys II ya 2003. Tunaonyeshwa kipande ambacho Keanu Reeves anamlenga mtu anayempenda, anashindwa, anafyatua risasi zote hewani akipiga ukelele. Danny anakitazama kwa macho ya mtu anayesali. Baadaye, bunduki mkononi na baba yake mbele yake akikimbia, Danny anafanya vile vile hasa, na ukumbi unacheka huku koo limekaza, kwa kuwa tumeelewa kwamba kijana huyu hana lugha nyingine ya kuusemea uchungu wake ila ile ya filamu alizozipenda.

Katika rasimu za mwanzo za muswada, Angel alikuwa na mpenzi, mwanamke aliyeitwa Victoria. Waandishi walimwondoa, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake wakampa Danny, mengine bila hata kuyabadilisha. Itazame tena ukilijua hilo, hasa pale wanapoagana mlangoni usiku baada ya kutoka baa na Danny hataki jioni iishe.