Chanjo ya Kitengo cha Dharura: Tusiogope Joto Peke Yake

Hapa Lamu, kaskazi ikiingia, joto halipoi hata usiku. Ndiyo maana mtu akisikia chanjo imeharibika hufikiria jua tu, boti iliyochelewa Mokowe au umeme uliokatika. Ana haki. Lakini mimi ninayeshughulikia chanjo, kinachonitia hofu zaidi katika vitengo vya dharura ni kuganda.

Mvuvi aliyechomwa na ndoana na mtoto aliyekanyaga msumari huhitaji chanjo ya pepopunda, nayo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za selisiasi. Sawa na ile ya homa ya ini aina ya B, ina chumvi ya aluminiamu inayosaidia kuamsha kinga. Ikiganda, chembe za chumvi hiyo hugandamana na nguvu ya chanjo hupotea. Ikishayeyuka, kwa macho waweza kuiona nzima.

Chupa nyingi zina alama ya duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa hafifu kuliko duara, joto halijaiharibu. Ukifanana nalo au kukolea zaidi, chanjo hiyo haifai. Ni alama nzuri mno, ila kuganda haikuoneshi kabisa.

Kwa hiyo vile vifriji vidogo vya mlango mmoja, vyenye friza humo humo ndani, havifai kwa chanjo. Soda na chakula cha wafanyakazi vikae kwingine. Kipimajoto kisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, hata sikukuu ya Idi, na umeme ukikatika mlango usifunguliwe.

Safari ya kupeleka chanjo Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ina hatari yake. Pakiti za barafu zilizotoka friza sasa hivi hugandisha chupa zinazozigusa. Ziacheni nje mpaka ukiitikisa moja usikie maji yakicheza ndani, ndipo zipangwe katika kisanduku cha kubebea chanjo. Najua nahodha anaita na maji yanakupwa. Hata hivyo, ngojeni.

Chupa yenye shaka itengwe, iandikwe "isitumike", na msimamizi wa chanjo aarifiwe. Nawe mgonjwa, nesi akikwambia chanjo iliyopo imetengwa, usimgombeze. Muulize nyingine inapatikana wapi leo hii. Na ikiwa unaitafuta chanjo kwa kuwa umeumwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kabla hata hujatoka nyumbani.