Glakoma: Kwa Nini Kipimo cha Presha ya Jicho Peke Yake Hakitoshi

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ni kundi la magonjwa yanayoharibu neva ya macho, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa za kuona kwenye ubongo. Presha hiyo haihusiani moja kwa moja na ile inayopimwa mkononi. Hutokana na majimaji angavu yanayotengenezwa ndani ya jicho na kutoka kupitia kichujio kilichopo kwenye pembe kati ya konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, na irisi, sehemu yenye rangi. Njia hiyo ikiziba au ikipitisha kwa shida, majimaji hulimbikizana na presha hupanda.

Kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hata hivyo, mtu anaweza kuwa na 25 na neva yake ikabaki salama kwa miaka mingi, na mwingine akawa na 15 huku neva ikiendelea kufa. Ndiyo maana daktari bingwa hatoi uamuzi kwa namba moja. Hupima pia unene wa konea, kwa kuwa konea nyembamba hufanya presha isomeke chini ya ilivyo. Hutazama pembe ya jicho kwa lenzi yenye vioo ili ajue kama iko wazi au imefungwa. Kisha huchunguza kichwa cha neva, ambacho shimo lake la katikati hupanuka kadiri nyuzi zinavyopotea.

Kipimo kinachowasumbua wagonjwa zaidi ni cha uwanda wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho huliona likiwa limetulia. Jicho moja hufunikwa, la pili hukazia nukta ya katikati, na mgonjwa hubonyeza kitufe kila aonapo kimwanga pembeni. Wengi hutoka wakiamini wameshindwa, kumbe mashine huonyesha kwa makusudi vimwanga hafifu mno ili ipate kikomo cha uwezo wa kuona. Kipimo cha kwanza mara nyingi si cha kutegemewa sana, hivyo kurudia ni jambo la kawaida.

Matibabu hayarudishi uoni uliokwisha kupotea. Hushusha presha ili kilichobaki kisiendelee kuharibika. Matone ya jamii ya latanoprosti hutiwa mara moja kwa siku, kwa kawaida jioni, na yanaweza kurefusha kope au kuifanya rangi ya irisi iwe nyeusi zaidi. Timololi ni dawa nzuri, lakini mwenye pumu hapaswi kupewa, kwa sababu sehemu ya tone hupita puani na kuingia kwenye damu. Kufumba jicho na kubonyeza kona yake ya ndani kwa dakika moja au mbili baada ya kutia tone hupunguza upotevu huo.

Kwa glakoma ya pembe wazi, leza ya kuzibua kichujio inaweza kuwa tiba ya kwanza, wala si lazima isubiri dawa zishindwe. Presha ikikaidi, hufanyika upasuaji wa kufungua njia mpya ya majimaji chini ya ngozi nyembamba ya weupe wa jicho. Jicho lililopasuliwa hivyo likiwa jekundu, likauma au likatoa usaha, hata baada ya miaka mingi, mgonjwa afike kliniki siku hiyohiyo.