Silaha za Tanzania zilitoka wapi, na kwa nini mleta silaha alibadilika

Hadi Januari 1964, silaha za Unguja, Pemba na Tanganyika zilitoka kwa Muingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 12, wapinduzi walivamia bohari za polisi za Ziwani na Mtoni, wakatoka na bunduki hizo hizo za Kiingereza. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika wakaasi, jeshi likavunjwa, na Septemba likaundwa jeshi jipya, JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania).

Kilichofuata hueleweka vizuri zaidi ukikitazama kutoka Unguja. Ujerumani Magharibi ilikuwa imekubali kusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Lakini msimamo wake ulikuwa kutoshirikiana na nchi inayoitambua Ujerumani Mashariki, nayo Ujerumani Mashariki ilishafungua ubalozi hapa Zanzibar. Mapema 1965 Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Kanada ikaingia kufundisha hadi 1970, na ndege zake za uchukuzi, Otter na Caribou. Baada ya hapo China, ambayo wakufunzi wake walianza kuja 1964, ikawa ndiyo tegemeo: vifaru, boti za doria, ndege za kivita.

Kazi ngumu, ambayo wanasiasa huisahau, iko bohari. Lee-Enfield ya Kiingereza hula risasi ya .303, yenye ganda la milimita 56. Bunduki za NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, hula 7.62 kwa 51: nambari ya kwanza ni unene wa risasi, ya pili urefu wa ganda, zote kwa milimita. SKS na AK, bunduki za Kisovieti, hula 7.62 kwa 39. Masanduku ya hizi mbili za mwisho yote yameandikwa 7.62, na mtunza bohari asiyesoma nambari ya pili atapeleka mstari wa mbele risasi ndefu isiyoingia kwenye AK. Hata rashasha ya PK, ya Kisovieti vilevile, haipokei risasi ya AK: ganda lake ni la milimita 54, na lina ukingo kitakoni.

Hapo ndipo silaha za Kichina zilipopunguza usumbufu. Kifaru cha Type 59 kimeigwa kutoka T-54 ya Kisovieti, na bunduki ya Type 56 kutoka AK. Kwa hiyo, ingawa Beijing na Moscow walikuwa hawapatani, risasi ya mmoja iliingia kwenye bunduki ya mwenzake. Katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, roketi za BM-21 za Kisovieti zilitumika bega kwa bega na silaha za Kichina.