Mkono umeshafika kwenye nywele za mtu mweusi, ndo unauliza "naweza kushika?"

Mi ni msusi, kazi hii nimeifanya miaka mingi na siku nzima mikono yangu iko kwenye vichwa vya watu. Na bado mteja akikaa kwenye kiti, amekuja mwenyewe na analipa mwenyewe, namwambia kwanza "dada naanza kugusa, kuna sehemu inauma?" Akisema ipo nampa chanuo aifungue yeye kwanza taratibu. Sasa kama mi ninayelipwa naomba, we uliyekutana na mtu kwenye lifti ukamshika nywele, ruhusa kakupa nani?

Kilichonifanya niandike ni mteja wangu mmoja. Tulikaa masaa sita namsuka, kesho yake akaenda kazini ambako mtu mweusi ni yeye peke yake, kufika saa nne asubuhi washamshika watu wanne. Mmoja alimtokea kwa nyuma wakati ananawa mikono, akashika misuko ya kisogoni akawa anaiinua kama anapima uzito, afu akauliza "hizi ni zako kweli?" Yeye akacheka. Alicheka kwa sababu angenuna wangesema ana hasira, na mwanamke mweusi akishaitwa mwenye hasira hilo jina linamganda. Hicho kicheko mi nakijua, wateja wangu wengi wanacho, na jamani kile sio ruhusa, ni mtu anayejiokoa mbele za watu.

Nianze na nywele zenyewe maana hapa ndo wengi hawajui. Unywele wa singa unatoka kwenye kishimo kilichonyooka, kwa hiyo mafuta ya ngozi yanateremka vizuri mpaka nchani. Wa kipilipili unatoka kwenye kishimo kilichopinda, ukiukata ukauangalia kwa hadubini utaona umebonyea, sio duara, na unajikunja njia nzima, kila kona hapo ni sehemu dhaifu na mafuta hayafiki nchani kirahisi, ndo maana unakauka na unakatika upesi. Sasa mtu aliyezoea singa anazamisha vidole vyote vitano juu kabisa afu anavuta kushuka, kama anavyofanya kwenye kichwa chake, kwake vinapita ila kwenye kipilipili vinanasa njiani, na badala ya kuacha anavuta kidogo ili vitoke. Vinatoka na nywele. Nimeshaona afro imebonyea upande mmoja pale kiganja kilipokaa, na mwenyewe asubuhi alikuwa ameichambua mbele ya kioo karibu saa zima. Na aliyetoka kusuka juzi ngozi ya kichwa bado inapwita, hasa pale pembeni ya paji penye vinywele laini, ukiinua msuko mmoja tu maumivu yanashuka mpaka kwenye jicho.

Lakini hata kama isingeuma hata kidogo, bado. Afrika Kusini baada ya sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi zao, kulikuwa na kipimo cha penseli, afisa anachomeka penseli kwenye nywele zako, ikidondoka unahesabika upande mmoja, ikinasa unahesabika mwingine, na kuna familia zilitenganishwa kwa kupangwa hivyo. Huko nyuma zaidi, mwaka 1810, mwanamke mmoja wa Afrika Kusini, Sarah Baartman, alitolewa kwao akapelekwa London, watu wakawa wanalipa kiingilio wamtazame mwili wake, na mabaki yake yalirudi kuzikwa kwao mwaka 2002 tu. Na Marekani mpaka 2019 hakukuwa na jimbo lenye sheria kama ile iliyopita California mwaka huo, inayotaja wazi kwamba misuko, dredi na nywele asilia sio sababu ya kumbagua mtu kazini au shuleni. Kwa hiyo mkono wako unapokuja kichwani kwa mtu mweusi bila neno, unakuja baada ya mikono mingine mingi. We unaona ni mara yako ya kwanza, yeye ni mara ya nne kabla ya saa nne.

Kuna watakaosema mbona hata mtoto mwenye nywele za dhahabu akiwa sehemu ambayo yuko peke yake watu wanamshika? Ni kweli na yeye asishikwe, kichwa ni chake. Ila hakuna aliyemchomekea penseli ampange daraja.

Kutamani kujua sio kosa, nywele ni nzuri na mi mwenyewe zinanivutia mpaka leo. Mwambie "umependeza", inatosha kabisa. Ukitaka kuuliza uliza mikono ikiwa chini, usiulize mbele ya kundi maana kukataa mbele za watu ni kazi ngumu, na akisema hapana usianze kununa au kujieleza. Kama umeshashika, toa mkono, sema samahani, nyamaza. Usimwelezee nia yako nzuri mpaka yeye ndo aanze kukubembeleza we.

Na wazazi, tusiwaambie watoto "tulia anti akushike tu, anakupenda". Nililetewa binti wa miaka sita ambaye darasani walikuwa wanamshika kila siku mpaka akawa havui kofia. Nilipoinua chanuo akarudisha shingo nyuma, macho kafumba. Nikaliweka chanuo kwenye mapaja yake, nikamwambia hili we ndo unalishika, ukinipa nasuka, ukilichukua naacha. Alilichukua mara nyingi sana siku ile, nikasuka nusu kichwa tu, nusu nyingine tukaifunga kitambaa, Jumamosi mama yake akamrudisha tukamalizia.