Magurudumu kuacha changarawe si kupaa

Ndege ndogo ikianguka mwisho wa kiwanja cha porini, watu huuliza kwanza kama injini ilizima. Wakati mwingine ndivyo. Mimi ninayefundisha marubani wa viwanja vya changarawe huanza na mengine: ilikuwa saa ngapi, uzito gani, upepo ulitoka wapi, mvua ilinyesha lini.

Chukua kiwanja kilicho futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, kimo cha Seronera kule Serengeti. Kwa kimo hicho, hewa ya kawaida ya vitabuni ina nyuzi 5 za Selsiasi. Saa nane mchana kipimajoto kinasoma 25. Hewa imetanuka na kuwa nyepesi, kwa hiyo injini ya pistoni inakosa pumzi, pangaboi halina cha kushika, na bawa linataka mbio zaidi ili libebe mzigo uleule. Kwa ndege, hapo ni kama futi 7,400.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza iliwahi kutoa viwango ninavyovipenda kwa urahisi wake. Kila futi 1,000 za kimo, umbali wa kupaa huongezeka kwa asilimia 10. Kila nyuzi 10 za joto juu ya kawaida ya kimo hicho, 10 nyingine. Ardhi laini, 25 au zaidi. Upepo wa nyuma uliofikia sehemu ya kumi ya kasi ya kuinukia, 20. (Nani anapaa na upepo wa nyuma? Yeyote ambaye kiwanja chake kina mlima upande mmoja.) Wanafunzi wengi hujumlisha. Havijumlishwi, vinazidishwa. Ndege ambayo kitabu kinaipa mita 400 ivuke kizuizi cha futi 50 itahitaji hapa kama mita 1,170, ardhi ikiwa laini na upepo huo ukitoka nyuma. Aliyejumlisha amepata 860, na mgunga umesimama ndani ya hizo 300 alizozisahau.

Kinachohadaa ni kwamba ndege hiyo itainuka. Karibu na ardhi, chini ya urefu wa mabawa yake, hewa inayojiviringisha kwenye ncha za mabawa hubanwa, ukinzani ukapungua, na ndege ikaelea kwa kasi isiyotosha kupanda. Rubani akiinua pua kukwepa miti, kasi inashuka, bawa linaacha kubeba. Busia, 24 Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri wa Kenya iliinuka, kisha ikagonga nyaya za umeme. Waziri wa Kazi, Ahmed Mohamed Khalifa, alifariki.

Changarawe ina lake pia. Ukisimama na kukoleza injini hadi mwisho, pangaboi linavuta mawe na kujitafuna, kwa hiyo tunaongeza nguvu huku tukitembea, na hilo nalo linakula njia.

Ndiyo maana naweka alama katikati ya kiwanja, jiwe lililopakwa chokaa linatosha. Ukifika hapo bila asilimia 70 ya kasi ya kuinukia, acha. Umbali hufuata mraba wa kasi: 0.7 mara 0.7 ni 0.49, yaani nusu ya kazi imefanyika kwa nusu ya njia. Anayesubiri robo tatu ndipo aamue atakanyaga breki juu ya kokoto zinazoviringika.