Foleni ya maji Migosi, na dhana potofu kuhusu marafiki na sherehe zao

Tuko saba. Tulikutana tukiwa wapangaji katika ploti moja mtaani Migosi, Kisumu, yenye mfereji mmoja uani ambao ulitoa maji siku chache tu kwa wiki. Leo kila mmoja ana kwake. Kuna nesi, mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa simu, dereva wa matatu ya Busia, mwenzetu wa mitumba aliyekuwa akiuza soko la Kibuye, karani wa duka la dawa, na mimi ninayeshona nguo. Kwa mwaka tuna siku sita za kuzaliwa, maana wawili wetu wana tarehe moja, na katikati yake harusi, mahari, matanga na watoto wanaomaliza shule. Kila tukikaa pamoja, kuna mtu atakayesema jambo kwa uhakika kabisa, na sisi wengine tutaitikia. Mengi ya hayo nimekuja kugundua si kweli, na machache yametugharimu machozi.

"Kusherehekea siku ya kuzaliwa ni mambo ya wazungu"

Mamangu husema hivi kila akiona keki. Keki na mishumaa vililetwa, hilo halina ubishi. Lakini kujali saa na msimu mtoto alipoingia duniani ni jambo la kale hapa kwetu, na limo ndani ya majina yetu. Kwa Waluo, Omondi amezaliwa alfajiri, Onyango kabla jua halijafika utosini, Ochieng jua likiwaka, Odhiambo jioni, Otieno usiku, na Okoth mvua ikinyesha. Wasichana wana Akinyi, Achieng, Atieno, Akoth. Ukivuka kwenda Bungoma kwa Wabukusu, Wafula ni wa mvua, Wekesa wa mavuno, Simiyu wa kiangazi, na Wanjala wa wakati wa njaa. Siku hizi majina mengi hurithiwa kwa babu na nyanya, kwa hiyo unaweza kabisa kukutana na Otieno aliyezaliwa saa sita mchana.

Mamangu mwenyewe hana tarehe ya uhakika. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari, tarehe waliyoandikiwa wazee wengi ambao siku yao haikujulikana. Lakini jina lake ni la asubuhi. Mwaka jana tulimpelekea chai na mandazi saa moja asubuhi, sote saba, tukamwambia hii ndiyo saa yako. Alinyamaza kwa muda. Kisha akatusimulia jinsi nyanyangu alivyoshikwa na uchungu akiwa njiani kwenda kisimani, na mtungi ulivyoachwa kando ya njia. Nimeishi na mamangu miaka yote hii na hadithi hiyo sikuwahi kuisikia.

Nesi na fundi wetu wamezaliwa tarehe moja, na watu huona hilo kuwa muujiza. Katika kundi la watu saba, uwezekano wa wawili kugongana tarehe ni kama 6 kwa 100, jambo la nadra kiasi. Lakini likifika kundi la watu 23, uwezekano unapita nusu, kwa sababu watu 23 hufanya jozi 253, na kila jozi ni nafasi ya kugongana. Darasa la mwalimu wetu lenye watoto 40 lina uwezekano wa karibu 89 kwa 100. Alipowauliza, walipatikana wawili, na darasa zima lilipiga makofi.

"Maji ya bathidei hayaumizi mtu"

Kenya hii, mwenye siku ya kuzaliwa humwagiwa maji. Mtu anavizia nyuma ya mlango na ndoo, mwenye siku anapiga kelele, majirani wanacheka. Naipenda desturi hii kwa moyo wote, hasa kwetu sisi tuliofahamiana kwenye foleni ya maji. Ila si kweli kwamba haiumizi. Simu ya karani wetu ilikufa siku hiyo ikiwa na picha za marehemu babake, na fundi alipoifungua alikuta ubao wake wa ndani umeshaanza kuota kutu. Tangu hapo kuna utaratibu: simu na pochi huombwa mapema kwa kisingizio chochote, maji hupashwa moto kidogo kama ni usiku, na aliye na mimba au anayetoka kuugua humwagiwa kikombe kimoja tu, mikononi. Furaha ni ile ile.

"Marafiki hawaandikiani pesa"

Hapa ndipo tulipokaribia kuvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama wa mmoja wetu alipofariki, michango ilitumwa kwa simu ya rafiki mmoja, ile ile anayopokelea pesa za biashara yake. Hakuna aliyeandika. Tuliona aibu, kuandika kulionekana kama kumshuku mtu aliyekuwa amekesha nasi kwenye matanga. Wiki mbili baadaye hesabu ilipungua, kila mtu akakumbuka alichokumbuka, na watu wawili waliokuwa wakilishana mezani wakakaa miezi minne bila salamu. Hakuna aliyeiba. Tulipokaa tena na taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa, tuliona pesa za jeneza na pesa za mteja zimeingia mchana mmoja, zikachanganyika kama unga na chumvi. Wahenga walikuwa wameshasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa sherehe wakasema kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa tuna daftari la kurasa ngumu. Shilingi 1,000 kila mwezi kwa kila mtu, anayefikiwa na zamu anapata 7,000, na jina linatiwa alama mbele ya wote. Michango ya matanga inaingia kwenye laini isiyo ya biashara ya mtu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007 watu waliisifu kwa kutuma pesa haraka. Mimi naisifu zaidi kwa sababu huacha kumbukumbu. Ukipoteza simu na jumbe zote, bado unaweza kupiga *334# kutoka laini yako na kuomba taarifa.

Kuna upande wa pili wa dhana hii, nao hudhulumu watu: eti deni lisiloandikwa si deni. Kwa sheria ya Kenya, makubaliano ya mdomo yanaweza kudaiwa mahakamani, na kwa kawaida una miaka 6 ya kudai tangu makubaliano yavunjwe. Shida ni ushahidi, ndiyo maana ujumbe wa "nimepokea, nitarudisha mwisho wa mwezi" una uzito. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Sitamani rafiki ampeleke rafiki huko. Nataka tu aliyekopeshwa ajue kwamba ukarimu wa mwenzake haukuwa zawadi.

Kudhamini ni jambo tofauti. Ukimwambia mwenye duka kwa mdomo, "mpe viti na hema, asipolipa nitalipa mimi," huwezi kushtakiwa kwa ahadi hiyo kama haikuandikwa na kutiwa sahihi. Ikishaandikwa ukatia sahihi, deni la mwenzako limekuwa lako. Wengi hutia sahihi karatasi ya hema na vyombo vya muziki wakidhani ni ushahidi wa kwamba walikuwepo.

"Kunywa supu, pombe itaisha"

Sipendi kabisa usemi huu. Supu ya mbuzi, kahawa nyeusi, kuoga maji baridi, hakuna kinachoondoa pombe kwenye damu. Kahawa huondoa usingizi, na mtu akaamini amepona. Kula kabla ya kunywa hupunguza kasi ya pombe kuingia mwilini, lakini iliyokwisha kuingia inasubiri ini, na ini halikimbizwi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe tupu. Ini la mtu wa kawaida husafisha gramu 7 hadi 10 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: chupa moja ni saa mbili au zaidi, na mtu aliyekunywa nne kuanzia saa moja jioni huenda saa kumi na moja alfajiri bado ana pombe mwilini.

Na saa kumi na moja alfajiri ndipo rafiki yetu dereva hutoa gari stendi. Usiku mmoja alikunywa supu, akanawa uso, akasema yuko sawa. Nesi alimshika mkono, akamwambia, "Ndugu yangu, kuna watu kumi na wanne wanaokuamini kesho." Dereva alimpigia mwenye gari tukiwa hapo hapo, akatafutiwa mwenzake. Alipoteza pesa ya siku moja. Kwenye sherehe zetu siku hizi, anayeendesha kesho hunywa soda leo, na hakuna anayemcheka.

Watoto ni hadithi nyingine. Wanakimbia na kupiga kelele, na wazazi wanalaumu soda na keki. Uchambuzi wa majaribio 23 uliochapishwa 1995 na jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, haukuona sukari ikibadilisha tabia za watoto. Wanaruka kwa sababu wako wengi, wamekesha na kuna muziki. Punguzeni sukari kwa ajili ya meno yao, hiyo ni sababu ya kutosha.

Na samaki? Tukikaa ufukweni Dunga kula, mtu lazima aseme tunakula samaki ule ule waliokula mababu. Ngege, tilapia wa asili wa Ziwa Victoria, karibu ametoweka kwenye ziwa lenyewe. Anaonekana bado katika maji madogo kama Ziwa Kanyaboli, Siaya. Tilapia aliyepo mezani ni wa Nile, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, na siku hizi wengi wanafugwa kwenye vizimba au wanafika wamegandishwa kutoka China. Mbuta, yaani sangara, pia aliletwa. Sisi humwuliza mama samaki waziwazi ametoka wapi, naye hutujibu waziwazi, kisha tunanawa mikono.

"Rafiki wa kweli hahitaji kutafutwa"

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu niliiamini kuliko zote.

Watu wakituona siku za keki hudhani sherehe ndizo zilizotuunganisha. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti kuhusu muda ambao urafiki huchukua kukua. Alikadiria kama saa 50 ili mtu unayemjua tu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 ili awe wa karibu. Saa za kuwa kazini pamoja hazikusaidia sana; zilizosaidia ni zile za kukaa na kupiga gumzo. Nilipozisoma nilianza kuhesabu. Sherehe sita kwa mwaka, saa nne kila moja, ni saa 24. Ungehitaji zaidi ya miaka minane kufika 200. Lakini foleni ya maji Migosi ilikuwa saa moja na nusu, jioni nne kwa wiki, tumekalia mitungi. Hizo ni saa sita kwa wiki. Kwa miezi minane tulikuwa tumeshafika. Pale ndipo nilipojua mwalimu anaogopa radi, na karani alipoona viatu vyangu vimetoboka akaniletea vyake bila kusema neno.

Baada ya kila mtu kupata mfereji wake ndani ya nyumba, hatukuwa tena na sababu ya kukaa. Mwenzetu wa mitumba alihamia Nakuru Desemba 2021, mwezi ule ule Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji. Mwanzoni tulipigiana simu kila Jumapili. Kisha nikasema ana shughuli nyingi, nisimsumbue. Kama urafiki ni wa kweli, upo tu. Miezi minane ikapita. Niliona picha yake ya siku ya kuzaliwa, nikaweka alama ya moyo, nikaendelea na cherehani.

Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900. Waliona kwamba anayemtafuta mwenzake hukadiria chini furaha ya anayetafutwa, na kutafutwa bila kutarajia ndiko huthaminiwa zaidi. Nilipousoma utafiti huo nilimpigia siku hiyo hiyo, Jumanne, bila sababu yoyote. Iliita mara mbili tu. Sikuwa nimepanga la kusema, nikamuuliza kama maji yanatoka huko.

Akasema hayajatoka tangu jana, yuko nje kwenye foleni, amekalia mtungi. Tuliongea mpaka zamu yake ikafika.