Jalada la Mchezo wa Mkakati Huanzia Kwenye Picha Ndogo Kuliko Zote

Ninapopokea kazi ya kuchora jalada la mchezo wa kompyuta wa mkakati, jambo la kwanza ninalolifanya ni kufungua ukurasa mtupu wenye upana wa pikseli 120 na kimo cha pikseli 45. Hicho ndicho kipimo kidogo kuliko vyote ambavyo Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, hutumia kuonyesha jalada, na msanii hakitengenezi mwenyewe, kwa kuwa duka hukipata kwa kulipunguza jalada dogo ambalo studio imelipakia. Jalada kuu, lile linaloonekana michezo inapopewa nafasi kubwa dukani, sasa huombwa kwa pikseli 1232 kwa 706. Ukipiga hesabu utaona kwamba hilo kubwa lina pikseli nyingi takriban mara 160 kuliko lile dogo, na bado yote mawili yanatakiwa kumwambia mnunuzi jambo moja: huu ni mchezo wa aina gani, na ndani yake atakuwa nani.

Wasanii wengi huanza na picha kubwa, kisha huipunguza siku ya mwisho na kushangaa kuona kwamba kila kitu kimeyeyuka. Kwa mchezo wa mbio au wa mapigano hasara hiyo hustahimilika, kwa sababu gari hubaki gari na ngumi hubaki ngumi hata zikiwa ndogo. Mchezo wa mkakati hauna bahati hiyo. Raha yake imo katika uamuzi, na uamuzi hauna umbo. Mchezaji huutazama ulimwengu kutoka juu, askari wake ni wadogo kama siafu, na kitu ambacho watengenezaji wamekihangaikia kwa miaka, yaani ramani, kikiwekwa kwenye pikseli 45 huonekana kama mkeka uliochakaa. Naelewa kwa nini wanataka ramani hiyo iwe jaladani, maana jasho lao lote limo humo. Lakini ukurasa wa duka una mahali pake pa kuonyesha ramani: Steam hudai angalau picha tano za mchezo wenyewe ukiwa unachezwa, na hapo ramani hujieleza vizuri kuliko nitakavyoweza kuieleza mimi kwa brashi.

Nitatoa mfano wa kazi niliyoifanyia studio moja ndogo, ambayo mchezo wake unahusu biashara ya majahazi katika Bahari ya Hindi. Mchezaji ni nahodha wa Muscat anayeshuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi akiwa na tende na mazulia, anauza Lamu, Mombasa au Unguja, ananunua boriti za mikoko, kisha anarudi na kusi. Akienda mbali zaidi hadi Kilwa anaweza kupata bei nzuri, lakini akichelewa, upepo wa kumrudisha humkuta bado yuko kusini, na katikati ya msimu wa kusi bahari huchafuka kiasi cha kumfanya afunge chombo bandarini. Mchezo mzima umejengwa juu ya hesabu hiyo.

Jalada la kwanza walilokuwa nalo lilionyesha vita: majahazi mawili yakiwaka moto, mapanga, mawimbi makubwa na radi. Lilikuwa limechorwa kwa ustadi mkubwa, na bado lilikuwa na kosa ambalo ustadi hauwezi kulirekebisha. Waliopakua toleo la majaribio kwa kuvutwa na moto ule walikuta vitabu vya hesabu na soko la mazulia, wakahisi wamedanganywa. Na wale wapenda mikakati ya biashara, ambao ndio hasa wangeupenda mchezo huo, waliupita bila kusimama kwa sababu walidhani si wao walioitwa. Jalada linalovutia watu wasiohusika lina madhara kuliko jalada lisilovutia, kwa kuwa wasiohusika ndio watakaoandika maoni ya kulalamika.

Kabla sijachora tena, niliwauliza watengenezaji swali moja: ni uamuzi gani unaomfanya mchezaji wenu aondoe mkono kwenye kipanya na kukaa akifikiri? Walijibu wote kwa pamoja kwamba ni ule wa kupakia. Ukiongeza mzigo unaongeza faida, lakini chombo kinakuwa kizito na safari inachukua siku nyingi zaidi. Hapo picha ilijitokeza yenyewe: jahazi moja tu, limeshiba boriti hadi maji yanakaribia ukingo, tanga limejaa, na nahodha amesimama tezi, yaani nyuma ya chombo, ameshika usukani kwa mkono mmoja huku akigeuza uso kutazama wingu nyuma yake. Uso wake ndio jalada. Hana hofu, wala si shujaa. Ni mtu anayekadiria. Mpenda mikakati akiuona uso unaokadiria hujitambua mara moja, na kwa maoni yangu hakuna alama ya aina hii ya michezo iliyo wazi kuliko hiyo.

Hata hivyo, katika pikseli 120 kwa 45 uso huo haupo, na boriti hazipo. Kinachobaki ni umbo la tanga, na jina. Tanga la pembetatu lililofungwa kwenye foromali iliyoinama, yaani mti unaolishika tanga, ni zawadi kwa mchoraji, kwa kuwa halifanani na tanga la meli za Ulaya ambazo zimejaa katika michezo ya bahari, na hutambulika hata likiwa na upana wa ukucha. Niliamua basi kwamba tanga liwe jeupe la maziwa juu ya anga ya kijani kibichi kilichopauka, na nikaigeuza picha yote kuwa ya kijivu ili kuona kama mwanga na kivuli peke yake vinatosha kulitenganisha na anga. Havikutosha. Nililifanya wingu kuwa zito zaidi upande wa nyuma wa tanga, na hapo ndipo umbo liliposimama. Jaribio hilo la kijivu silikwepi katika kazi yoyote, kwa sababu rangi hulaghai jicho la aliyeichanganya mwenyewe.

Jina lilinisumbua zaidi ya picha. Lilikuwa la Kiswahili, la maneno matatu, na maneno yetu huwa na silabi nyingi, hivyo mstari mmoja ungelazimisha herufi nyembamba mno. Studio ilitamani herufi zenye nakshi za milango ya Lamu. Nilizichora, nilizipenda, na nilipozipunguza zikawa kama kutu. Mwongozo wa Steam wenyewe unasema kwamba katika jalada dogo nembo, yaani jina la mchezo lililochorwa, inapaswa kukaribia kulijaza jalada lote, na ushauri huo ni sahihi. Nikagawa jina katika mistari miwili, neno kubwa juu na mawili madogo chini, kwa herufi nene zisizo na mapambo, zilizo wima, zenye nafasi ya kutosha katikati yake ili a na o zisizibe. Nakshi nikazihamishia kwenye ubao wa tezi katika picha kubwa, mahali ambapo zinaonekana na zina sababu ya kuwepo.

Kanuni za duka nazo zinapaswa kujulikana mapema, kwa sababu tangu tarehe 1 Septemba 2022 Valve, kampuni yenye duka la Steam, hairuhusu jalada la kawaida kubeba kitu kingine zaidi ya mchoro, jina la mchezo na jina dogo rasmi. Nyota za wakosoaji, alama za tuzo, maneno ya punguzo la bei na matangazo ya mchezo mwingine vimekatazwa, na mchezo unaokaidi unaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana. Studio ikiwa na toleo jipya la kutangaza, inaweza kuweka jalada la muda lenye maneno kuhusu toleo hilo kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Mimi nimefurahia kanuni hii. Imemrudishia mchoraji nafasi iliyokuwa imejaa vibandiko.

Vipimo vingine havihitaji maneno mengi, ila kosa moja hurudiwa mno: kukata picha moja ili iingie kila mahali. Jalada la wima lina pikseli 748 kwa 896 na lile la kichwa cha ukurasa 920 kwa 430. Hakuna mchoro mmoja unaokaa vizuri katika maumbo hayo mawili. Ndiyo maana anga, wingu, chombo, nahodha na nembo hukaa kila kimoja katika tabaka lake, ili katika picha ya wima tanga lipande juu na nahodha asogee chini yake, na katika picha pana wingu litandazwe. Picha kubwa ya maktaba, yaani mahali mchezaji anapoiona michezo aliyo nayo, yenye pikseli 3840 kwa 1240, haitakiwi kuwa na maandishi kabisa, kwa kuwa nembo huwekwa juu yake kama faili la pekee lisilo na mandhari.

Mwishoni nilipiga picha ya ukurasa halisi wa michezo ya biashara na mikakati, nikalibandika jalada letu katikati ya mengine, na kuwaonyesha watu wachache kwenye simu kwa muda mfupi. Sikuwauliza kama wanalipenda, kwa sababu watu wetu ni wastaarabu na watasema ndiyo. Niliwauliza mchezo huo unahusu nini. Wengi walisema safari na biashara. Mmoja alisema uvuvi, na alipoeleza nilimwelewa, kwani katika picha ndogo boriti zilionekana kama nyavu zilizokunjwa. Lakini kitu walichokitaja bila kuulizwa kilikuwa kingine: kingo za jalada hazikuonekana, kwa sababu ukurasa wa Steam ni wa buluu iliyoiva na wingu langu lilikuwa na rangi hiyo hiyo. Usiku ule niliziangaza pembe mbili za juu, nikazipanga boriti zitokeze ncha zao upande wa omo, yaani mbele ya chombo, kisha nikalituma faili.